Umri wa Mimba ya Ng'ombe na Aina ya Ndama Aliye Tumboni: Mwongozo Kamili kwa Wafugaji wa Dodoma

Kila msimu wa kuzaa malalamiko ni yale yale. Ng'ombe alihimilishwa, yaani aliwekewa mbegu za dume kwa mrija, mfugaji akalipa, akasubiri ndama wa Friesian, kisha akazaliwa ndama mwekundu mwenye nundu. Maneno yanaanza: "Bwana mifugo, huyu si wa mrija wako." Mwingine amenunua ng'ombe mnadani Msalato akiambiwa ana mimba ya miezi sita ya Boran, na miezi saba baadaye bado anasubiri.

Wengi huyachukua haya kuwa maswali mawili: mimba ina miezi mingapi, na ndama ni wa aina gani. Swali la pili hujibiwa na la kwanza. Mkono hauwezi kupapasa aina ya ndama aliye tumboni, wala utrasaundi haiionyeshi. Kinachopatikana ni umri. Umri ukipatikana mapema unakuonyesha siku ng'ombe aliposhika mimba, na siku hiyo ndiyo inayokutajia baba. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inahusu tarehe.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Daftari lenye jalada gumu na kalamu. Simu inafaa kwa kupiga picha, lakini simu huharibika na huuzwa; daftari linabaki nyumbani.
- Utambulisho wa kila ng'ombe: namba ya hereni, na kama hana hereni, jina, rangi na alama zake.
- Mrija mtupu wa mbegu unaobaki baada ya kuhimilisha, na gundi ya karatasi ya kuubandika.
- Kibanio imara cha miti, yaani njia nyembamba ambayo ng'ombe akiingia hawezi kugeuka wala kurudi nyuma.
- Kamba laini, maji safi, sabuni, na glovu ndefu za plastiki zinazofika begani. Mtaalamu huja na glovu zake, lakini muulize kabla.
- Futi ya fundi cherehani na kipande cha uzi. Hivi ni kwa ajili ya mimba iliyotoka au iliyokutwa machinjioni.
- Glovu nzito, barakoa na chokaa, kwa kazi hiyo hiyo.

Zaidi ya hivyo unahitaji mtu aliyefunzwa kupima mimba kwa mkono kupitia njia ya haja kubwa: daktari wa mifugo, afisa mifugo wa kata, au mhimilishaji. Usiingize mkono wewe mwenyewe kwa kuiga. Utumbo wa haja kubwa huchanika, na mimba changa huharibika kwa kubanwa vibaya. Kama una hamu ya kujifunza, Wakala wa Mafunzo ya Mifugo (LITA) ana kampasi Mpwapwa. Mwongozo huu unakupa uwezo wa kuandaa kazi, kuuliza maswali sahihi na kuelewa unachoambiwa.

## Hatua ya 1: Andika siku ya joto na siku ya kupandwa

Ng'ombe aliye kwenye joto, yaani aliye tayari kupandwa, husimama tuli anapopandwa na wenzake. Hiyo ndiyo dalili ya kuaminika kuliko zote. Nyingine ni ute mwangavu unaovutika ukeni, uke kuvimba, kulia-lia, kutotulia malishoni na maziwa kupungua siku hiyo.

Joto la ng'ombe wa kisasa hukaa takriban saa 12 hadi 18. La ng'ombe wetu wa asili, zebu, huwa fupi zaidi na mara nyingi huja usiku. Ndiyo maana anayetazama zizi saa mbili asubuhi, mifugo ikitoka kwenda malishoni, hulikosa. Tazama alfajiri kabla hawajafunguliwa, na tazama tena jioni wakisharudi na kutulia. Aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni ile ile. Aliyeonekana jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi.

Andika mambo manne: ng'ombe yupi, tarehe na saa joto lilipoonekana, tarehe na saa alipohimilishwa au kupandwa, na baba ni nani. Kama ni dume la kijijini, andika ni la boma gani na lina rangi gani.

Kama ni mrija, mwombe mhimilishaji akuachie ule mtupu. Umeandikwa jina au namba ya dume, aina yake na kituo ulikotoka. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji (NAIC) kiko Usa River, Arusha, nawe unaweza kukutana pia na mbegu zilizoagizwa kutoka nje ya nchi. Usome mrija kabla haujatumika, kisha ubandike kwenye ukurasa wa ng'ombe huyo. Mhimilishaji makini hatakataa, na mgogoro ukizuka utamlinda yeye pia.

Utajua umefaulu: mwanao wa darasa la tano akifungua daftari anaweza kukuambia ng'ombe yupi alipandwa lini na nani, bila kukuuliza chochote.

## Hatua ya 2: Mlinde asifikiwe na dume mwingine

Hatua hii wafugaji wengi huiruka, na ndiyo inayozaa ugomvi karibu wote. Ng'ombe akihimilishwa leo na asishike, joto hurudi baada ya takriban siku 21 (kati ya 18 na 24). Kama siku hiyo yuko malishoni, dume la jirani atamaliza kazi. Wewe nyumbani unahesabu mimba ya mrija, kumbe ndani kuna mimba ya dume aliyekuja wiki tatu baadaye.

Kwetu hatari hii ni kubwa kwa sababu ya maji. Kiangazi kikishakaza, ng'ombe wa maboma mengi hukutana kwenye lambo moja au visima vya mchangani kwenye korongo. Hakuna mchungaji, hata awe hodari vipi, anayeweza kuwazuia madume wote pale.

Mzuie ng'ombe nyumbani katika vipindi vitatu:

1. Tangu anapoonyesha joto hadi siku mbili baada ya kuhimilishwa.
2. Siku ya 18 hadi ya 24.
3. Siku ya 39 hadi ya 45, kama mimba bado haijathibitishwa.

Siku hizo mletee maji na chakula zizini: mabua ya mtama au uwele, pumba, na mashudu ya alizeti kama yapo. Ni kazi, lakini ni siku chache, na bila hizo mrija ulioulipia unakuwa bahati nasibu.

Ukishindwa kumzuia, andika ukweli. Mstari unaosema "31 Machi, lamboni, alionekana na dume jekundu la jirani" utakusaidia sana utakapofika hatua ya 4.

## Hatua ya 3: Tazama kama joto linarudi

Kati ya siku ya 18 na 24 mtazame asubuhi na jioni. Joto likirudi, mimba haikushika. Anza upya na uandike tarehe mpya.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza ni kudhani kwamba kutorudi kwa joto ni uthibitisho wa mimba. Ng'ombe aliyekonda kwa njaa ya kiangazi anaweza kukaa miezi bila kuingia joto kabisa, na hana mimba. Wa pili ni kinyume chake: ng'ombe wachache wenye mimba huonyesha dalili za joto. Ukimhimilisha tena huyo bila kupima, bomba la kuhimilishia likipita kwenye mlango wa kizazi linaweza kuua mimba iliyokuwepo. Ukiwa na shaka, mpime kwanza.

Onyo kuhusu dawa. Kampeni za uhimilishaji wa pamoja hutumia sindano ya homoni kuwaleta ng'ombe wengi kwenye joto kwa wakati mmoja. Homoni hiyo, prostaglandini, hutoa mimba changa hadi karibu miezi mitano. Ng'ombe ambaye huna hakika naye asidungwe kabla ya kupimwa. Vilevile dawa ya minyoo aina ya albendazole haifai katika wiki sita za mwanzo za mimba, kwa sababu inaweza kumlemaza ndama. Soma kibandiko cha dawa.

## Hatua ya 4: Pima mimba karibu na siku ya 60

Kama una fedha za kumwita mtaalamu mara moja tu, mwite sasa. Kuanzia siku ya 45 hadi ya 70 umri wa mimba husomeka vizuri kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa kila wiki inabadilisha ukubwa kwa kiasi ambacho vidole vinakitambua. Baadaye vitu vyote ni vikubwa, na tofauti ya wiki tatu inapotea.

Chukua mfano. Ng'ombe alihimilishwa tarehe 10 Machi, na tarehe 31 Machi akaonekana na dume lamboni. Tarehe 9 Mei mtaalamu anampima. Kama ni mimba ya mrija, ina siku 60. Kama ni ya dume, ina siku 39. Hebu tazama tofauti yake mkononi:

Siku 60. Mfuko wa uzazi una pembe mbili. Pembe yenye mimba imetanuka kufikia unene wa sentimita 6 hadi 9, imejaa maji, ukuta wake umekuwa mwembamba, na ni kubwa waziwazi kuliko mwenzake. Ndani kuna kijusi cha sentimita 6 hadi 8.

Siku 39. Pembe zinakaribiana ukubwa. Moja ina maji kidogo tu, na mwenye mkono mzoefu anakuta kifuko kidogo cha mimba cha sentimita mbili hadi tatu. Mpimaji ambaye bado mgeni anaweza kusema hakuna mimba kabisa.

Hakuna mtaalamu anayefahamu kazi yake atakayechanganya hizi mbili. Lakini mpime ng'ombe huyo huyo mwezi Oktoba, mimba moja ingekuwa na karibu miezi saba na nyingine miezi sita na kidogo, na hapo hata bingwa atakisia.

Mtaalamu wako anapaswa kukuta angalau kimojawapo cha vitu vinne kabla ya kutamka kwamba mimba ipo: utando wa mimba unaoteleza kati ya vidole (kuanzia karibu siku ya 35), kifuko cha maji cha kijusi, vitufe vya kondo la nyuma (vinundu vinavyolishikiza kwenye mfuko wa uzazi), au kijusi chenyewe. Muulize, "Umekuta kipi?" Pembe iliyojaa si ushahidi peke yake. Usaha kwenye kizazi hujaza pembe pia, na kibofu cha mkojo kimewadanganya wengi. Mwambie asikibane kifuko cha mimba ili kukipima. Mimba ya umri huo ni dhaifu.

Mahali penye utrasaundi, mimba huonekana kuanzia karibu siku ya 28 na kijusi kinaweza kupimwa urefu kwenye kioo. Kati ya siku ya 55 na 70 mtaalamu mzoefu anaweza hata kukuambia kama ni jike au dume. Aina ya ndama, hapana.

Usimtajie mpimaji tarehe zako kabla hajamaliza. Mwache apapase, atamke umri, ndipo ufungue daftari. Ukimwambia mapema "ana siku 60", vidole vyake vitatafuta siku 60.

Utajua umefaulu: umri aliotamka unaangukia ndani ya wiki moja ya mojawapo ya tarehe zako, na uko mbali na nyingine. Zungushia duara tarehe iliyoshinda.

## Hatua ya 5: Kama ng'ombe alikuja bila tarehe

Huyu ndiye wa mnadani, wa mahari, au wa urithi. Hapa tunategemea mkono pekee. Alama za kila mwezi ni hizi:

Mwezi wa 3. Mfuko wa uzazi umeanza kuteremka kuelekea tumboni. Kijusi kina sentimita 13 hadi 17. Vitufe vidogo vya kondo vinaanza kupapasika.

Mwezi wa 4. Mfuko umeshashuka, na mlango wa kizazi umevutwa mbele ya ukingo wa mfupa wa nyonga. Kijusi kina sentimita 22 hadi 32. Mshipa wa damu wa mfuko wa uzazi upande wa mimba umenenepa na una mtetemo.

Mtetemo huo unastahili maelezo. Mshipa wa kawaida hudunda: pigo, kimya, pigo. Huu unavuma chini ya kidole mfululizo, mfano wa mpira wa bustani maji yanapopita kwa nguvu. Mshipa wenyewe unasogea ukiusukuma, tofauti na mishipa mingine iliyonata ukutani. Aliyeuhisi mara moja hausahau, na ng'ombe mwenye mtetemo huo uliokolea kwa kawaida amepita miezi mitatu.

Mwezi wa 5 na wa 6. Kipindi kigumu kuliko vyote. Ndama ameteremka chini kabisa na mara nyingi mkono haumfikii. Mpimaji anategemea vitufe, ambavyo sasa vina sentimita kadhaa, pamoja na unene wa mshipa. Vitufe havilingani ukubwa hata ndani ya ng'ombe mmoja, kwa hiyo usikubali tarehe kamili kutoka kwa mtu aliyepima katika miezi hii. Kubali "kati ya mitano na sita na nusu".

Mwezi wa 7. Ndama anaanza kufikika tena. Mtetemo sasa uko kwenye mishipa ya pande zote mbili.

Mwezi wa 8 na wa 9. Kichwa, kwato na magoti hupapasika bila shida. Ukiushika mguu, ndama huuvuta.

Nionavyo, mpimaji mzoefu hukosea kwa wiki moja hivi kabla ya siku ya 70, kwa wiki mbili katika mwezi wa tatu na wa nne, na kwa mwezi mzima au zaidi baada ya hapo. Ukinunua ng'ombe anayedaiwa kuwa na mimba, bei ya mimba ilipwe kwa kile kilichopapaswa. Neno la "mimba ya Boran" bila mrija wala daftari usilipie hata shilingi. Ipo njia moja ya heshima: muuzaji akisema ng'ombe ametoka ranchi, kwa mfano Kongwa ambako Kampuni ya Ranchi za Taifa hufuga Boran, aonyeshe karatasi za mauzo na tarehe ng'ombe alipotoka. Kama mimba ni changa kuliko muda tangu ametoka, hakupandwa huko.

## Hatua ya 6: Dalili za nje, na mipaka yake

Kwa asiye na mtaalamu karibu, kuna vipimo viwili vya nje vinavyosaidia kidogo.

Cha kwanza ni ngumi. Kuanzia karibu mwezi wa sita, simama upande wa kulia wa ng'ombe asubuhi kabla hajanywa maji. Weka ngumi chini ya ubavu, mbele kidogo ya paja la nyuma, sukuma ndani kwa nguvu ya wastani, kisha iache ngumi hapo hapo bila kuiondoa. Ndama husukumwa mbali na kurudi kuigonga. Upande wa kulia ni muhimu kwa sababu kushoto kumejaa tumbo kubwa la majani. Kutogongwa hakumaanishi hakuna mimba.

Cha pili ni kiwele. Kwa mtamba, yaani jike ambaye hajawahi kuzaa, kiwele huanza kujaa kuanzia mwezi wa nne au wa tano, na chuchu hutoa majimaji mazito yanayonata. Kwa ng'ombe aliyekwisha kuzaa, kiwele hujaa wiki mbili hadi nne tu kabla ya kuzaa, na zebu wengi huchelewa zaidi. Mishipa migumu pembeni mwa shina la mkia ikilegea na kuacha mabonde, uke ukavimba na kulegea, zimebaki siku chache.

Tumbo kubwa si dalili. Mwezi wa Aprili, majani yakiwa tele, kila ng'ombe Dodoma ana tumbo kubwa.

## Hatua ya 7: Hesabu siku ya kuzaa, kisha mtaje baba

Mimba ya ng'ombe huchukua wastani wa siku 283. Njia ya haraka: chukua tarehe ya kupandwa, ongeza miezi tisa, kisha ongeza siku nane. Aliyepandwa 10 Machi hutarajiwa kuzaa 18 Desemba. Aliyepandwa 31 Machi hutarajiwa 8 Januari.

Damu ya ndama husogeza tarehe hiyo. Friesian, Jersey na Ayrshire huzaliwa mapema kidogo, karibu siku ya 278 hadi 282. Zebu, Boran na Sahiwal hukaa zaidi, mara nyingi siku ya 285 hadi 292. Chotara huwa katikati. Ndama dume huchelewa siku moja au mbili kuliko jike, na mapacha huwahi.

Sasa rudi kwenye mfano wetu. Ndama akizaliwa 18 Desemba akiwa amekamilika, manyoya yote yametoka, meno ya mbele yapo, anasimama na kunyonya, huyo hawezi kuwa wa dume la lamboni. Kwa dume yule ingekuwa siku ya 262, na ndama wa siku hizo ni njiti. Akizaliwa 8 Januari, hawezi kuwa wa mrija. Ingekuwa siku ya 304. Akizaliwa karibu na 28 Desemba, uko kwenye kiza cha katikati, na hapo ndipo kipimo cha siku ya 60 kinapolipa gharama yake.

Baba akishajulikana, hesabu ya damu ni rahisi: jumlisha damu ya mama na ya baba, gawa kwa mbili. Mama zebu na baba Friesian, ndama ni nusu Friesian. Mama nusu Friesian akipewa tena mrija wa Friesian, ndama ni robo tatu. Mama Mpwapwa akipewa Friesian, ndama ni nusu Friesian na nusu Mpwapwa. Mpwapwa mwenyewe ni mchanganyiko uliotulizwa pale pale wilayani Mpwapwa, zaidi ya nusu ya damu yake ikiwa ni Sahiwal na Red Sindhi, pamoja na zebu wetu, Boran na kidogo ya Ayrshire.

Ushauri wangu kwa anayechunga nje katika joto letu ni kukaa karibu na nusu ya damu ya kizungu. Robo tatu na kuendelea anahitaji banda, maji muda wote na chakula cha kununua.

Kwa nini ujue kabla hajazaliwa? Kwanza, mtamba mdogo wa zebu aliyebeba ndama wa Friesian yumo hatarini kukwama wakati wa kuzaa, na unapaswa kumwandaa mtaalamu kwa wiki ile. Pili, anayekamuliwa akaushwe, yaani aachwe kukamuliwa, siku 60 kabla: kwa mfano wetu, karibu 19 Oktoba. Oktoba ndiyo kiangazi kikali, kwa hiyo mabua na mashudu ya miezi hiyo yawekwe akiba tangu mavuno ya Mei na Juni.

Utajua umefaulu: ukurasa wa ng'ombe una tarehe ya kumkausha, tarehe ya kutarajia kuzaa pamoja na siku kumi kabla na baada, jina la baba, na kiwango cha damu ya ndama.

## Hatua ya 8: Mimba iliyotoka au iliyokutwa machinjioni

Usalama kwanza. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliupiga mkoa wa Dodoma vibaya kuliko mikoa mingine nchini, na kushika mimba iliyotoka kwa mikono mitupu ni njia mojawapo ya kuambukizwa. Ugonjwa wa kutupa mimba, brusela, huambukiza kwa njia hiyo hiyo. Vaa glovu nzito na barakoa. Mama mjamzito asikaribie, na mbwa wafungwe. Mtaarifu afisa mifugo kabla ya kuzika, kwa sababu sampuli inaweza kuhitajika kupelekwa kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA).

Mlaze ndama ubavu kama alivyojikunja. Pitisha uzi kutoka utosini, kufuata mgongo, hadi shina la mkia. Pima uzi kwa futi. Kisha: urefu kwa sentimita, ongeza 21, zidisha kwa 2.5. Jibu ni umri kwa siku. Urefu wa sentimita 15 unakupa siku 90. Sentimita 51 zinakupa siku 180.

Manyoya yanathibitisha hesabu. Mwezi wa tano yapo midomoni na kwenye nyusi, na kwa dume kende zimeshashuka. Mwezi wa sita yanaonekana ndani ya masikio, kuzunguka mahali pa pembe na ncha ya mkia. Mwezi wa saba yanaanza miguuni na mgongoni. Mwezi wa nane mwili wote una manyoya mafupi. Wa tisa ni marefu, na meno ya mbele yametoka.

Umri huo unamsaidia daktari. Brusela kwa kawaida hutoa mimba kuanzia mwezi wa tano kwenda juu. Mimba zinazopotea mapema, joto likirudi ovyo katika kundi linalotumia dume mmoja, humfanya afikirie magonjwa yanayosambazwa na dume. Homa ya Bonde la Ufa hutoa mimba za umri wowote, nyingi kwa mpigo.

Ukishamaliza, fukia kwa kina pamoja na kondo na nyasi zilizolowa, mwaga chokaa, nawa kwa sabuni.

## Aina ya ndama kwa macho: unachoweza na usichoweza kusoma

Kabla ya mwezi wa saba hakuna rangi ya kuaminika. Baada ya hapo, na hata akizaliwa, soma kwa tahadhari.

Kosa kubwa ni mabaka. Wafugaji wanatarajia ndama wa zebu na Friesian awe na mabaka meusi na meupe kama baba yake. Mara nyingi hazaliwi hivyo. Weusi wa Friesian hutawala rangi nyingine, lakini mabaka hujificha kizazi cha kwanza. Ndama wa kawaida wa mchanganyiko huo ni mweusi karibu mwili mzima, mwenye weupe kidogo tumboni au karibu na kiwele. Kumkataa mhimilishaji kwa sababu ndama hana mabaka ni kumwonea.

Nundu ndogo nayo haimkani baba wa kizungu, kwani mama zebu ameichangia. Ndama mwekundu kabisa kutoka kwa mrija wa Friesian mweusi anastahili maswali, ingawa wapo Friesian wanaobeba wekundu bila kuuonyesha, na wapo wekundu waziwazi, soma mrija. Ndama asiye na pembe, kutoka kwa mama mwenye pembe, huelekeza kwa baba asiye na pembe, kwa kuwa kutokuwa na pembe hutawala. Lakini subiri miezi kadhaa kabla ya kutamka. Ndama wote huzaliwa bila pembe zinazoonekana.

Mgogoro ukibaki, kipimo cha vinasaba ndicho kinachomaliza. Ng'oa nywele 20 hadi 30 za mkia wa ndama pamoja na mizizi yake, bila kuzikata, na fanya hivyo kwa mama na kwa dume anayeshukiwa. Weka za kila mmoja kwenye bahasha yake ya karatasi iliyo kavu, iandike jina na tarehe, na usitumie mfuko wa nailoni kwa sababu unyevu huharibu mizizi. Kisha mwone daktari wa mifugo wa wilaya akuelekeze maabara, na mpe pamoja na bahasha hizo nakala ya ukurasa wa daftari wenye mrija uliobandikwa.